Maji Yakishuka, Mwamba Hupanda

Kazi yangu ni kuhesabu samaki.
Juni hadi Agosti, jua la Norwei likikataa kulala,
nakaa kwenye jukwaa la mbao lenye utelezi
mkabala na poromoko la Grimse,
kidole gumba juu ya kitufe.
Samoni akiruka, nabonyeza.
Akianguka, simfuti:
idara haiulizi nani alifika,
inauliza wangapi walijaribu.

Saa nzima macho hayana kazi ila kushuka.
Maji yanashuka, yanashuka,
shuka jeupe lisiloisha kukunjuliwa.
Kisha ukigeuza shingo kuutazama mwamba wa kando,
wenye kuvu na kinyesi cha shakwe,
mwamba unapanda.
Polepole, kama unga unaoumuka.
Unapanda na hausogei.
Ufa wake niliutia alama ya chaki nyekundu:
alama nayo inapanda,
nayo iko pale pale.

Eskil, kijana wa chuo aliyekuja kupima joto la maji,
alinieleza huku akimenya yai la kuchemsha:
"Kisogoni mwako, Ragnfrid, kuna timu mbili za kuvuta kamba.
Moja inajua kushuka tu. Nyingine kupanda tu.
Kitu kikitulia zinavutana sawasawa, kamba haiendi.
Lakini wale wa kushuka umewachosha tangu alfajiri,
mikono imewafa ganzi,
na wenzao, ambao hawajaona chochote, wanashinda."

Halafu akasema jicho lenyewe halijui mwendo.
Linaona nukta ya mwanga hapa, kisha nukta pale.
"Ni wewe unayesema: huyu ni yule yule."
Akala yai. Chumvi ikambaki mdomoni.

Mama alicheka. Alikuwa nyuma yangu kwenye kiti cha kukunja,
Borghild wa miaka themanini na minane,
asiyekubali kuachwa nyumbani na redio.
"Basi yule mtoto wa kwenye picha," akauliza,
"mwenye skii na meno mawili,
nani alihakikisha kuwa ni mimi?"
Hakuna aliyemjibu. Samoni aliruka. Nikabonyeza.

Tarehe kumi na tisa Julai. Eskil keshaondoka.
Samaki walikuwa wengi, hata chai sikuigusa.
Niligeuka mara moja tu kumwangalia.
Blanketi lake la mistari lilikuwa linapanda kifuani,
taratibu, vizuri,
kama la mtu aliyezama usingizini.
Nikasema moyoni: amelala.
Nikayarudia maji.
Nikabonyeza mara saba zaidi.

Pumzi hushuka pia.
Hilo sikulingoja.

Daktari aliuliza, tangu saa ngapi?
Nikasema nilimwona akipumua saa tano na robo.
Akaandika. Kwenye karatasi ile yupo hai
saa tano na robo,
kwa ushahidi wa macho yangu mawili.
Sijarudi kumsahihisha.

Mwaka huu wamefunga kamera juu ya mwamba.
Inahesabu usiku na mchana, haichoki,
wala mwamba hauipandii.
Mimi bado naja, bila mshahara.
Nakikunjua kiti cha mama mahali pake,
nayatazama maji mpaka macho yajae kushuka,
kisha nageuka.

Kiti kinapanda. Kitambaa chake kitupu kinapanda.
Kila sekunde nabonyeza kitufe cha zamani
mpaka kitulie.
Jana ilikuwa kumi na nne.